Bach, mtawala wa Köthen na zile konserto za groschen 24

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika huku Moshi. Bach, yule mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, nilimjua kwa njia ya nyimbo za kanisani, lakini juzi mwanangu alinisikilizisha Konserto za Brandenburg, tungo zake sita za kikundi cha ala, kwenye simu yake, nami sijatulia tangu siku ile. Nimesoma kwamba Bach alimpelekea mkubwa mmoja zawadi ya konserto hizo, asipate hata asante. Naomba unieleze: muziki huu wanaouita wa chumbani uliandikwa kwa ajili ya nani hasa? Hao wakubwa walikuwa wanausikiliza, au ulikuwa wa kusindikizia chakula? Na mtunzi alikuwa msanii wa kuheshimiwa au mtumishi wa nyumba? Mwisho, nianzie wapi kusikiliza?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio wako, maana lile la msanii au mtumishi ndilo linalobeba mengine.

Nianze na jina. Kiitaliano "camera" ni chumba. Katika karne ya 17 na ya 18 Wazungu waliugawa muziki kwa mahali unapopigwa: wa kanisani, wa jukwaani na wa chumbani. Chumba chenyewe usikidhanie kidogo. Mara nyingi kilikuwa ukumbi wa jumba la mtawala, duke au kadinali. Lakini kilikuwa ndani ya nyumba ya mtu, na nyumba ina mwenyewe. Mwenyewe ndiye aliyeamua nani aingie, nani apige, waanze lini na wanyamaze lini.

Vitabu vingi humtaja mfadhili kama mtu aliyetoa fedha kisha akakaa pembeni kusubiri wimbo. Mimi naona tofauti. Katika muziki wa Baroko, yaani wa Ulaya wa karne ya 17 hadi katikati ya karne ya 18, mfadhili yumo ndani ya noti. Mfuko wake uliamua wapigaji wawe wangapi, dini yake iliamua kama kutakuwa na kwaya, na mara nyingine hata udhaifu wa vidole vyake umeandikwa kwenye karatasi ukaonekana hadi leo. Mahali pazuri pa kuliona hilo ni Köthen, mji mdogo wa Ujerumani, na ndiko zinakotupeleka konserto zako.

Mwaka 1717 Bach alikuwa na miaka 32, akimtumikia Duke Wilhelm Ernst wa Weimar. Weimar ilikuwa na watawala wawili, yeye na mtoto wa ndugu yake, Ernst August, na hao hawakuwa wakielewana. Januari 1716 Ernst August alioa dada yake Leopold, mtawala kijana wa Anhalt-Köthen. Leopold akamjua Bach, akampenda, akamtaka awe kiongozi wa muziki wake. Bach akakubali. Tatizo likawa kuaga. Wewe leo ukitaka kuacha kazi unaandika notisi ya mwezi mmoja. Yeye aliomba aachiliwe, akaomba tena, akasisitiza mno, duke akamtia ndani. Alikaa kizuizini tangu Novemba 6 hadi Desemba 2, 1717, na kosa lililoandikwa kwenye kumbukumbu za Weimar ni ukaidi wa kulazimisha aachishwe kazi. Baadaye akaachiliwa kwa kufukuzwa bila heshima. Kwa hiyo kuhusu mtumishi, jibu la kwanza ni hilo: mtu aliyekwisha kuandika baadhi ya muziki mkubwa wa kinanda cha kanisani alihitaji ruhusa ya bwana wake ili ahamie mji mwingine.

Köthen alikuta hali nyingine. Leopold ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 23. Alikuwa amesafiri Uholanzi, Uingereza na Italia, na alipiga fidla, gamba na hapsikodi. Nieleze ala hizi mbili, maana nitazirudia. Hapsikodi ni kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa, hazigongwi kama za piano. Gamba hushikwa katikati ya miguu kama selo, lakini ina nyuzi sita au saba, na shingoni ina vigawanyo kama vya gitaa. Sauti yake ni ya upole. Ilikuwa ala ya waungwana. Mtu mwenye cheo angeweza kuipiga mbele ya wageni bila kuonekana anajishusha.

Sasa tazama jinsi siasa inavyoingia kwenye muziki. Mwaka 1713 Friedrich Wilhelm wa Kwanza alipotawazwa mfalme wa Prussia, alivunja okestra ya jumba la Berlin. Alitaka fedha ziende jeshini. Wapigaji hodari wakajikuta mitaani, na Köthen ikawachukua baadhi yao. Mtawala wa kijiji, kama ungemlinganisha na mfalme wa Prussia, akawa na kikundi cha watu wasiozidi ishirini ambacho miji mikubwa ingekionea wivu. Bach hakulazimika kuwafundisha kupiga. Aliwakuta wanajua, naye akaandika kama mtu anayejua kwamba kila atakachoandika kitapigika.

Kisha dini. Jumba la Köthen lilifuata madhehebu ya Kalvini, ambayo ibada yake wakati huo ilikuwa zaburi bila mapambo. Bach mwenyewe na familia yake walisali katika kanisa la Kilutheri lililojengwa kwa juhudi za mama yake Leopold, ambaye alikuwa Mlutheri. Ndiyo kusema kiongozi wa muziki hakuwa na kazi ya kuandaa kwaya kila Jumapili, kazi ambayo wewe Mwalimu unajua inavyokula wiki nzima. Miaka hiyo ndiyo ya sonata na partita (tungo za ala zenye sehemu kadhaa) za fidla peke yake, ambazo mswada wake una mwaka 1720, na ndiyo miaka ambayo konserto sita zilikusanywa. Laiti Leopold angekuwa Mlutheri, huenda tungekuwa na kantata (tungo za kuimbwa kanisani) nyingi zaidi, na wewe usingekuwa na cha kuniuliza.

Mshahara ulikuwa thaler 400 kwa mwaka, fedha nzuri. (Thaler ni ukoo mmoja na ile reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa iliyokuwa ikizunguka Zanzibar karne ya 19, wazee wa Pwani waliijua sarafu hiyo bila kujua muziki wake.) Mwaka 1719 mtawala alitoa thaler 130 kwa ajili ya hapsikodi mpya iliyotengenezwa Berlin pamoja na gharama za safari ya kuichukua, na aliyekwenda kuichukua ni Bach. Ukisikiliza konserto ya tano utaisikia ala ya namna hiyo. Kwa desturi hapsikodi ilikaa nyuma, ikijaza chodi chini ya wengine. Hapa inajitokeza taratibu, kisha mwishoni mwa sehemu ya kwanza wenzake wote wananyamaza, inabaki yenyewe ikitiririka kwa zaidi ya hatua (bar) 60 za muziki. Kitu kingine: konserto hiyo haina fidla ya pili. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Bach mwenyewe, ambaye kwa kawaida angeshika fidla au viola (fidla kubwa kidogo yenye sauti ya chini zaidi), safari hii alikuwa amekaa kwenye hapsikodi, hivyo kiti kimoja kikabaki kitupu. Mimi nayakubali. Kikundi kidogo kina hesabu yake, na hesabu hiyo inasikika.

Lakini usije ukadhani mtumishi alipokuwa na bwana mwema aliacha kuwa mtumishi. Leopold alipenda kwenda Carlsbad kwenye maji ya tiba, na alikwenda na wanamuziki wake kama wengine wanavyokwenda na wapishi. Majira ya joto ya 1720 Bach alikuwa kwenye msafara huo. Aliporudi nyumbani alikuta mke wake, Maria Barbara, amefariki na amekwisha kuzikwa. Alimwacha mzima.

Sasa twende kwenye zawadi yako. Mswada una tarehe Machi 24, 1721, na tabaruku yake, yaani maneno ya kumtunukia mkubwa kazi hiyo, imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ya majumba ya wakubwa, kwenda kwa Christian Ludwig, mwenye cheo cha Margrave wa Brandenburg. Huyu alikuwa ndugu wa mfalme wa kwanza wa Prussia na aliishi Berlin. Bach anamkumbusha kwamba miaka michache nyuma alipata heshima ya kupiga mbele yake, na kwamba mkubwa alimwomba baadhi ya tungo zake. Anamsihi asipime kasoro za konserto hizo kwa ukali wa masikio yake mazuri ambayo kila mtu anayasifu. Kisha anaomba aendelee kukumbukwa na kupewa nafasi ya kumtumikia. Kwa Kiswahili cha ofisini: naomba kufikiriwa nafasi ikipatikana.

Ile ni barua ya kuomba kazi iliyovalishwa kanzu ya sherehe, na ndivyo tabaruku nyingi za Baroko zinavyopaswa kusomwa. Kwenye taarab mwimbaji huimba kwanza, ukimgusa moyo unainuka kumtunza. Hawa nao walitanguliza wimbo na jina la mkubwa kwenye ukurasa wa kwanza, halafu wakasubiri kutunzwa: sarafu za dhahabu, kijisanduku cha ugoro, au cheo. Wengine walitunzwa, wengine hawakutunzwa. Kwa upande wa margrave hakuna risiti wala barua ya shukrani iliyohifadhiwa, na ndiyo maana ulisoma kwamba hakupata hata asante. Margrave alipofariki mwaka 1734 mali zake ziliorodheshwa, na konserto zikakadiriwa groschen 4 kila moja. Sita ni groschen 24, yaani thaler moja kamili. Gawa thaler 400 kwa siku 365 utaona kwamba Konserto za Brandenburg zote sita zilipewa bei isiyofikia mshahara wa Bach wa siku moja kule Köthen.

Watu hulia wakisikia hivyo. Mimi silii sana. Bach alikuwa amekwisha kuandika konserto nyingi kwa ajili ya watu wake wa Köthen. Alichompelekea margrave ni nakala safi ya uteuzi wake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Hata jina "Brandenburg" si lake. Aliziita kwa Kifaransa konserto sita za ala mbalimbali, na jina tunalolitumia lilitoka kwa Philipp Spitta, mwandishi wa maisha yake, katika karne ya 19. Mwenye chumba zilikozaliwa ni Leopold, na sifa zikaenda kwa mtu wa Berlin kwa sababu jina lake liko kwenye bahasha.

Kuhusu kilichomwondoa Bach Köthen, kuna hadithi inayorudiwa mno. Desemba 1721 Leopold alioa binti wa ukoo wa Anhalt-Bernburg, wiki moja tu baada ya Bach mwenyewe kumwoa Anna Magdalena, mwimbaji. Miaka tisa baadaye, katika barua kwa rafiki yake Georg Erdmann, Bach alieleza kwamba alidhani angemaliza maisha yake kwa mtawala yule aliyependa na kuujua muziki, ila baada ya ndoa ile mapenzi hayo yakapoa kidogo, maana bibi mpya alionekana si mtu wa muziki. Tangu hapo vitabu vimembebesha lawama mwanamke yule. Lakini yeye alifariki mapema Aprili 1723, kabla Bach hajafungasha mizigo, na Bach akahama hata hivyo. Katika barua hiyohiyo anataja pia masomo ya wanawe. Nadhani alikuwa amekwisha kuona hatari ya kutegemea moyo wa mtu mmoja. Moyo ule ukipoa, kikundi kinapoa, na kalamu inapoa. Mfadhili mbuzi, walisema wazee, na binadamu wana maudhi.

Roma mambo yalikuwa mengine, ingawa sitakaa huko muda mrefu. Ukitaka kujua wafadhili wa Arcangelo Corelli, mtunzi na mpiga fidla wa huko, soma kurasa za mbele za vitabu vyake. Sonata za kwanza, 1681, kwa Christina, malkia aliyeacha kiti cha Sweden na kuhamia Roma. Za pili, 1685, kwa Kadinali Pamphili. Za nne, 1694, kwa Kadinali Pietro Ottoboni, aliyefanywa kadinali akiwa na miaka 22 kwa sababu babu yake mdogo alikuwa Papa. Corelli aliishi ndani ya jumba la Ottoboni, akakusanya picha za wachoraji, akazikwa mwaka 1713 katika Pantheon kama mtu mkubwa. Mtumishi? Kwa maandishi, ndiyo. Ila kuna kisa kilichochapishwa London miongo kadhaa baada ya kifo chake, nakuletea kama kisa: alikuwa akipiga nyumbani kwa mkubwa, wenyeji wakaanza kuzungumza, naye akaweka fidla chini taratibu, akaenda kuketi. Alipoulizwa, akajibu kwamba aliogopa asije akawakatiza mazungumzo yao. Iwe kweli au la, Bach asingethubutu kumfanyia hivyo duke wa Weimar.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la chakula lilipo. Ndiyo, muziki ulipigwa watu wakila. Telemann, mtunzi mwingine Mjerumani wa wakati wa Bach, alichapisha mkusanyo mkubwa mwaka 1733 na akauita waziwazi muziki wa mezani. Lakini huwezi kuandika kwa ufundi ule kwa ajili ya kelele za vijiko tu. Katika nyumba nyingi msikilizaji wa kwanza alikuwa mpigaji, na mpigaji huyo aliweza kuwa mwenye nyumba. Friedrich wa Pili wa Prussia alipiga filimbi. Mwalimu wake wa filimbi, Quantz, alilipwa thaler 2000 kwa mwaka, wakati mwana wa Bach, Carl Philipp Emanuel, aliyemsindikiza mfalme kwa hapsikodi, alianza na 300. Tofauti hiyo haikutokana na kipaji. Quantz ndiye aliyekuwa karibu na midomo ya mfalme. Bach mzee alipomtembelea mfalme huyo Potsdam mwaka 1747 na kurudi nyumbani kuandika Sadaka ya Muziki, alitia humo sonata yenye sehemu ya filimbi. Ngumu kweli, ukiniuliza. Sijui kama ilikuwa heshima au utani.

Hata baada ya Baroko mtindo huo uliendelea. Mkataba wa mtunzi Haydn na ukoo wa kitajiri wa Esterházy wa mwaka 1761 ulimtaka avae sare na soksi nyeupe na kufika kila siku kusubiri maagizo. Bwana wake wa baadaye, Nikolaus, alipiga baritoni, ala adimu ya jamii ya gamba, na Haydn akamwandikia tungo za wapigaji watatu zaidi ya mia moja kwa ala ambayo leo karibu hakuna anayeipiga.

Ule mkusanyo wa Telemann wa 1733 una jambo jingine lililobadilisha biashara. Hakumtafuta mkubwa mmoja. Aliwaomba watu walipe kabla ya kuchapa, na zaidi ya 200 wakajiandikisha, mtunzi Händel wa London akiwa mmojawao. Majina yao yalichapwa kitabuni, mahali ambapo zamani lingekaa jina moja.

Sasa, uanzie wapi. Wengi watakuambia konserto ya tatu au ya tano. Mimi nakupeleka kwenye ya sita, na usikilize kama mwalimu wa kwaya. Haina fidla hata moja. Juu kuna viola mbili, chini yake gamba mbili, kisha selo na besi na hapsikodi. Katika okestra za wakati ule viola ilikuwa kama sauti ya pili kwenye kwaya zetu: inashika noti moja mistari mitatu huku sauti ya kwanza ikisifiwa. Gamba, kama nilivyokuambia, ni ala ya waungwana. Bach amezigeuza. Viola zinaanza kufukuzana, moja ikiidaka nyingine kabla haijamaliza neno, karibu kiasi kwamba ukisikiliza kizembe utadhani ni mwangwi. Gamba wakati huo zinapiga noti zilezile kwa kurudiarudia, kazi ambayo mpigaji wa wastani anaiweza bila kutoka jasho. Wataalamu wengi wanaamini gamba moja iliandikwa kwa ajili ya mikono ya Leopold mwenyewe, na kwa kuwa viola ndiyo ala Bach aliyopenda kushika akiwa ndani ya kikundi, unaweza kuwaona wote wawili mle chumbani.

Ikifika sehemu ya pili, ile ya polepole, hesabu ala zinazosikika. Gamba zimenyamaza zote mbili. Viola zinaimba peke yake juu ya besi, na gamba hazirudi mpaka sehemu ya tatu, ile yenye mwendo wa ngoma.